Mizunguko Miwili kwenye Paji la Biuti

Kerubo mwanangu,

Umeenda kumuaga nyanya yako, na mama yako yuko jikoni anakaanga maandazi ya safari yako ya kesho, basi nimepata nafasi ya kukaa nyuma ya nyumba na karatasi hii. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kiekegusii changu ni cha mdomo tu. Kiswahili nilifundishwa nikiwa na kalamu mkononi, na hata leo nikishika kalamu ndicho kinachokuja. Isitoshe, nikianza kwa Kiekegusii nitaishia kukukaripia, unanijua.

Sitakuambia habari za kula, kufua, wala kanisa siku ya Sabato. Hayo mama yako ameyamaliza, na yale aliyosahau atakuambia kesho gari likiwa limeshawashwa. Mimi nataka kuandika juu ya Biuti. Tangu mambo yale yatokee hatujawahi kukaa, mimi na wewe, tukayazungumza mpaka mwisho. Nimejaribu kuyapanga kichwani, na kila nikiyapanga yanatoka tofauti. Labda yakiwa kwenye karatasi yatatulia.

Nianzie mbali kidogo. Ulipokuwa shule ya msingi ulichora kuku kama mimi nilivyochora kuku: yai, kichwa, mdomo, miguu miwili ya uma. Kisha siku moja nikakukuta umechuchumaa karibu na kuku wa mama yako aliyekuwa amelala mavumbini, unamtazama tu. Nilidhani unaumwa. Ukaniambia, "Tata, manyoya yake yamepangana kama mabati. La juu linafunika la chini ili mvua iteremke." Nikasema ndiyo, kama vile nilikuwa nalijua jambo hilo siku zote. Sikuwa nalijua. Nimekula kuku, nimefuga kuku, nimewanyonyoa kwa maji ya moto, na sikuwahi kuona kwamba wameezekwa.

Toka hapo ukawa mtu wa penseli. Ulipokuwa sekondari ulikata kifutio kwa wembe kikawa chembamba kama jani, ili kichukue mwanga mahali padogo tu. Ulikuwa na kalamu iliyoisha wino, nami nikaitupa nikidhani ni takataka, ukaenda kuitafuta shimoni. Ulinionyesha kazi yake. Ulikandamiza karatasi kwa ncha yake, nisione kitu, kisha ukapitisha penseli juu, na pale ulipokandamiza pakabaki mistari myeupe: masharubu ya paka. "Unywele mweupe hauchorwi, Tata," ulisema. "Unaachwa." Niliwasimulia wenzangu maneno hayo kituoni tukingoja majani ya chai yapimwe. Hakuna aliyeelewa. Mimi mwenyewe niliyarudia kwa sababu yalinipendeza sikioni.

Nilikuwa na fahari na wewe, na fahari yangu ilipenda kutoa maoni. Hilo ndilo kosa ninalolijua vizuri kuliko mengine yangu. Mtu asiyeweza kuchora sikio la mbuzi, lakini kila jioni amesimama nyuma ya bega lako: ongeza hapa, punguza pale.

Biuti alikuwa mtamba wetu, mwekundu mtupu, bila doa hata moja. Wewe ndiye uliyekuwa unamkatia majani, wewe ndiye uliyemkuna shingo. Ukaamua kumchora kichwa, ukakaa naye zizini likizo nzima. Picha ilipokaribia kwisha uliileta mezani tuione. Mama yako aligusa karatasi kwa kidole akakitoa haraka kama aliyemgusa ng'ombe mwenyewe, akacheka. Tuliona nywele zikiteremka puani, zikigeuka mashavuni, zikisimama kidogo nyuma ya masikio. Kwenye paji la uso, zilizunguka kama maji yanavyozunguka yakiingia shimoni. Na juu ya mzunguko ule kulikuwa na mzunguko mwingine, mdogo, na katikati ya hiyo miwili nywele ziligongana zikasimama kama kishungi.

Nikasema, "Hapa umekosea. Paonekana pamechafuka."

Ukasema, "Ndivyo alivyo."

Nikasema, "Hata kama. Futa huo wa juu. Mpe mmoja mzuri, katikati."

Ulinitazama kidogo. Kisha ukachukua kile kifutio chako, ukaufuta wa juu, ukalaza nywele vizuri, na kweli ikapendeza. Mimi nikanunua fremu, nikaitundika sebuleni mahali mgeni akiingia tu anaiona. Kisha nikasahau kabisa kwamba niliwahi kusema neno. Hilo sikudanganyi. Lilitoka kichwani kama usemavyo "pisha" ukipitana na mtu mlangoni.

Biuti aliibwa wakati wa mvua kubwa, wewe ukiwa umemaliza mtihani wa kidato cha nne. Tuliamka tukakuta mlango wa zizi umelala chini na nyayo zimefutwa na maji. Tulitafuta Nyacheki yote, tukashuka mpaka Ogembo, tukauliza wachinjaji. Hakuna. Miezi ikapita. Zizi likawa la kuni. Lakini picha ilikuwa ukutani, na kila nikila nilikuwa namtazama. Sasa ndipo naona lililonipata: nilikuwa namsahau ng'ombe na kukariri picha. Nilipoenda soko la ng'ombe siku ile, niliyekuwa namtafuta hakuwa Biuti. Nilikuwa natafuta kitu kifanane na ukuta wangu.

Nikakipata. Mtamba mwekundu mtupu, kamba mikononi mwa kijana aliyetoka upande wa Nyamira. Ombati, ingawa jina lake nililijua baadaye. Nilisimama mbele ya yule mnyama, nikaona mzunguko mmoja mzuri katikati ya paji. Nikamshika kamba.

"Mzee, achia," alisema kijana. "Huyu amezaliwa kwetu."

"Huyu amezaliwa kwangu."

Watu wakaanza kukaribia. Nikamtuma mwendesha boda boda nyumbani alete picha, na mama yako akampa bila kujua ni ya nini. Wewe ulikuwa shambani. Ilipofika niliiinua juu, na hapo, Kerubo, ningetamani ungeona jinsi watu wazima walivyoishangaa kazi yako. Walisukumana. Waliigusa. Mmoja alisema, "Angalia hata kope!" Mwingine akasema, "Huyu ni yeye, hata mtoto mdogo ataona." Picha yako ni ya penseli, nyeusi na nyeupe, haina hata rangi ya ng'ombe, na hakuna aliyelikumbuka hilo. Kulikuwa na mama mmoja muuza ndizi aliyesema, "Lakini hata ng'ombe wangu ana mzunguko huo." Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa, na nikageuza uso.

Kijana alianza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo. Sijui ni nani aliyempiga wa kwanza. Si mimi. Nimejisemea maneno hayo mawili mara nyingi mpaka yamechuja. Mimi nilikuwa nimesimama na picha juu ya kichwa changu ili isichafuke.

Wazee wa soko walimwokoa wakampeleka kwa naibu wa chifu akiwa ameshika mkono wake kama mzigo wa mtu mwingine. Nami nikamswaga ng'ombe mpaka nyumbani, watu wakinipongeza njia nzima.

Ulitoka shambani na mzigo wa majani kichwani. Ukautua. Ukaja ukampapasa mtamba paji la uso, kuelekea juu, kinyume na nywele zinavyolala. Ukapapasa tena.

"Tata, huyu si Biuti."

Mama yako alikuwa anapepeta wimbi. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Nini?" niliuliza.

"Biuti alikuwa na mizunguko miwili. Wewe ndiye uliyeniambia nifute wa juu."

Nakumbuka nilikasirika kabla ya kuelewa. Hasira ilitangulia mbele, akili ikaja nyuma ikichechemea. Nikasema, "Nyamaza, watu watasikia." Ukaniuliza aliyekuwa na ng'ombe huyu yuko wapi. Nikakuambia. Ukaniuliza kama ni mzima. Nikainama kufunga kamba ya ng'ombe. Ukachukua picha pale nilipoiegemeza, ukashika njia, na gumboti zako za shambani mguuni. Nikakufuata. Mpaka leo sijui nilikufuata ili nikuzuie au nikusaidie. Nilikuwa natembea nyuma yako nikingoja miguu yangu iamue.

Pale kwa naibu wa chifu Ombati alikuwa ameketi chini, mkono umefungwa kwa leso, mdomo umevimba. Ulimsalimia kwanza. Kisha ukamwambia naibu kwamba ile picha si ya kweli.

Naibu akacheka. "Msichana, hii picha ina kila unywele. Inadanganyaje?"

Hukubishana. Uliitoa kwenye fremu, ukaiweka mezani juu ya makaratasi yake, ukachomoa penseli kutoka kwenye nywele zako. Ulifuta paji. Kisha ukaanza kurudisha nywele moja moja, kwanza mzunguko wa juu, kisha pale katikati zinapogongana. Watu wote walisogea mezani. Hata Ombati alisimama aone. Na mbele ya macho yetu ng'ombe akageuka kuwa ng'ombe mwingine, na huyo mwingine, Mungu wangu, alikuwa Biuti. Nilimtambua kama mtu anavyotambua sauti gizani. Ni hapo nilipokumbuka meza, na maneno "futa huo wa juu", na jinsi ulivyonitazama.

Naibu alikuna kichwa. "Sasa nyinyi mnanichanganya. Niamini ipi? Ile ya kwanza au hii?"

"Usiamini hata moja," ulisema. "Mpelekeni mtamba kwao, mumwachie kamba langoni, muone atafanya nini."

Walifanya hivyo. Walimpakia kwenye pikapu, nami nikapanda kwa sababu naibu alisema nami nipande. Tulipita Keumbu, tukaingia barabara za udongo upande wa Nyamira, na kwenye boma la kina Ombati wakamteremsha, wakaachia kamba. Hakutazama kulia wala kushoto. Aliingia langoni, akapita kati ya migomba mpaka nyuma ya jiko, akaweka kichwa kwenye beseni lililopasuka ukingo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona kutoka barabarani. Mama yake Ombati alitoka nje, akamwona ng'ombe kabla ya kumwona mwanawe. Kisha akamwona mwanawe. Sitaandika sauti aliyotoa.

Niliomba msamaha pale pale. Aliniangalia akasema, "Sawa, mzee." Hiyo "sawa" ilikuwa sawa ya namna gani, sijui.

Wewe uliporudi kijijini ulilipwa kwa maneno. Walisema wezi wamekununua. Walisema mtoto gani anamwaibisha babake. Na mimi niliyejua ukweli nilikuwa nawajibu nusunusu, "Aah, watoto wa siku hizi," kisha nabadilisha habari. Uliacha kuchora. Penseli zilikaa kwenye kikombe dirishani mpaka buibui akazifunga pamoja.

Kisha ikaja ile siku Ombati alipoingia uani kwetu, mkono umefungwa plasta. Nilisimama nikatafuta jembe kwa macho. Akasalimia, akauliza uko wapi. Ulipotoka akasema amekuja kuomba ile picha.

"Ya nini?" niliuliza mimi.

"Mtu akiniuliza mkono wangu ulivunjwa na nini, nimwonyeshe."

Mkaangaliana, wewe na yeye, na ghafla mkaanza kucheka. Mama yako akatoka na chai, akaambiwa, naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya watu watatu wanaocheka nisijue kama nimetukanwa au nimesamehewa. Ukaingia ndani ukamletea picha. Akaipokea kwa ule mkono mmoja, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Alikuwa mzuri, huyu wenu." Akaenda zake. Biuti mwenyewe hakupatikana tena. Pengine aliliwa zamani. Pengine yuko mahali anazaa.

Baada ya siku ile ulizichukua penseli dirishani. Sikukuuliza kwa nini kumpa mtu picha iliyomvunja mkono ndiko kulikokufungua. Nakuuliza sasa, na huna lazima ya kujibu.

Tuje kwenye safari. Mwalimu wako alipowapelekea picha zako wale watu wanaochunguza ndege wa msitu wa Kakamega, nao wakasema uje uwachoree kitabu, mimi niliuliza swali ambalo mjinga yeyote angeuliza: kwani hawana kamera? Ukanieleza ukiwa unakata sukuma wiki, hukuinua hata kichwa. Ulisema kamera inaonyesha ndege mmoja, dakika moja, na kivuli cha jani kikimwangukia kifuani. Wao wanataka mtoto wa shule akifungua kitabu amtambue ndege huyo siku yoyote. Ukanionyesha yule hondohondo uliyewatumia kwanza. Ulisema umemtoa kwenye picha nyingi: bawa huku, mdomo kule, manyoya ya shingo kutoka kwa mwingine, na uliacha yale yaliyokuwa yamekatika.

"Kwa hiyo ndege huyu hayupo," nilisema.

"Yupo, Tata. Yupo kuliko wote."

Kerubo, nililala na maneno hayo nikaamka nayo. Ulifuta mzunguko mmoja kwenye paji la ng'ombe, na mtu akakaribia kufa. Sasa wanakuita kazini kwa sababu unajua cha kufuta. Tofauti iko wapi? Nimemuuliza mama yako, akasema tofauti ni kwamba wewe unamtazama ndege na mimi nilikuwa natazama fremu. Labda. Yeye hupata majibu upesi na kurudi kwenye sufuria.

Nilitaka kukuandikia neno moja la kubeba. Nilifikiria kusema: mtu akikuambia ufute kitu, hata awe mtu umpendaye, muulize kwanza kama amewahi kukitazama. Nikaona ni neno zuri. Kisha nikafikiri kwamba huko uendako utakuta watu wenye ujuzi watakaokuambia ufute, nao watakuwa wamekitazama kuliko wewe, na usipowasikiliza utabaki mjuaji tu. Utawatofautishaje na mimi? Wote tutasimama nyuma ya bega lako. Wote tutakuwa tunakupenda au tunajifanya. Hapo neno langu zuri linaniishia mkononi.

Kwa hiyo sina neno. Ninachojua ni kitu kidogo zaidi ya hapo. Ninajua kwamba siku ile mezani ulisema "Ndivyo alivyo," ukanitazama, kisha ukafuta. Na siku ile ya soko ulisema "Huyu si Biuti," nikakuambia unyamaze, na hukunyamaza. Mtoto ni yule yule na baba ni yule yule. Kilichobadilika katikati sikukuona ukikipata. Nilikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, nakula kwenye meza hiyo hiyo. Natamani ungenionyesha ni wapi kilikuwa, kama ulivyonionyesha ile mistari ya kalamu isiyo na wino, lakini nadhani hata wewe hujui.

Nasikia mama yako anakuita, basi umesharudi. Nitaikunja karatasi hii na kuitia kati ya nguo zako, chini, uikute ukifika na si njiani.

Kesho nitakubebea begi mpaka barabarani. Tukifika pale pengine sitasema kitu. Nitamsalimia konda, nitauliza gari linaondoka saa ngapi, nitapanga mizigo ya watu wengine. Usidhani nimekasirika, wala usidhani sina la kusema. Nitakuwa nakutazama, taratibu, nikianzia juu, maana nimegundua kwamba nimekulea miaka yote hii na nikiulizwa nywele zako zinazunguka kuelekea upande gani, sijui.

Babako